Fundo la Uzi wa Bluu: Maisha ya Mama Ngaire Scanlon, Aliyewafulia Wakaguzi

Padri, ndugu, majirani wa Tyrone Flat, nanyi wageni wa benchi la tatu mliotoka Wellington na makoti yenu meusi ya serikali: karibuni. Mimi ni Bernadette Scanlon, wengi mnaniita Detta. Marehemu alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu Alby. Karatasi mliyopewa mlangoni ina wasifu mfupi ambao watoto wake wameuandika kwa adabu, na mimi nimeombwa niusome. Nitausoma. Ila nitaongeza yaliyoachwa, kwa sababu wiki tatu zilizopita marehemu alinishika mkono akaniambia, "Detta, siku ile wakinigeuza mtakatifu, nitainuka kwenye sanduku." Sasa mimi sitaki ainuke, na mvua yenyewe ndiyo hii.

Ngaire Philomena Dorrity alizaliwa Reefton tarehe 2 Februari 1938, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Cornelius Dorrity, mpasua mbao, na mkewe Bi. Agnes. Bi. Agnes alikuwa akifua nguo za wachimbaji makaa ya mawe kwa malipo, na Ngaire alianza kusugua kola akiwa hajafikia urefu wa beseni. Humo ndani ya povu alisomea elimu ambayo haikufundishwa darasani. Mama yake alikuwa akimwinulia ovaroli na kumuuliza: "Ya nani hii?" Naye hujibu: "Ya mtu anayechimba kwa kulalia ubavu wa kushoto, mama. Bega limekwisha." "Na hii?" "Ya msukuma vigari vya makaa." "Na hii hapa?" "Hii ya bosi. Imechafuka matakoni tu."

Samahani, Padri, lakini ndivyo alivyosema.

Alisoma kwa masista wa Reefton kuanzia mwaka 1943 hadi 1951. Sista Ludovica alimsifia mwandiko, akisema herufi zake zimesimama wima kama nguzo za uzio. Darasani alikuwa wa pili, na yule wa kwanza amekuja leo na anajua kwamba alikuwa akinakili kwake. Alitolewa shule akiwa na miaka kumi na mitatu kwa sababu mikono ya mama yake ilikuwa imeanza kupasuka kwa magadi. Hakulalamika, au tuseme alilalamika sana lakini hakuna aliyemsikiliza, jambo ambalo alilizoea mapema.

Mwaka 1955 alikuja hapa Tyrone Flat kumsaidia shangazi yake katika Hoteli ya Tyrone, yenye vyumba vinane na jiko moja la makaa lililokuwa haliruhusiwi kuzimika. Shangazi alipofariki mwaka 1962, hoteli ikawa yake. Alikuwa na utaratibu wake wa nguo. Kila mgeni wa kudumu alipewa rangi yake ya uzi wa sufu. Ukimwachia nguo, alizifua, akazikausha juu ya jiko, akazipiga pasi, akazikunja, kisha akazifunga na uzi wa rangi yako kwa fundo lake mwenyewe, mizunguko miwili na kitanzi kilichorudi chini. Fundo lile sisi wote tulijaribu kuliiga, tukashindwa. Kulifungua, unakata uzi. Kulifunga upya, unamwita Ngaire.

Kaka yangu alikuwa akimpelekea ovaroli kila Jumamosi. Akawa anasahau peremende mfukoni makusudi, ili apate sababu ya kurudi kuomba msamaha. Wiki ya tatu peremende ziliyeyuka zikagandisha shuka kumi na mbili za hoteli. Ngaire alimfuata mpaka nyumbani kwetu, akasimama mlangoni na shuka moja ngumu kama ubao.

"Nani hapa anaitwa Alby?"

"Ni mimi, dada."

"Dada yako ni huyo aliyesimama nyuma yako anacheka. Mimi ni mwenye shuka. Njoo ufue."

Alifua shuka zote kumi na mbili huku mama yetu akimchungulia dirishani na kusema, "Huyo kapatikana." Walifunga ndoa katika kanisa hili tarehe 26 Aprili 1958, wakajaliwa watoto wawili, Desmond na Noeleen. Alby alipanda cheo mpaka akawa msimamizi wa zamu katika mgodi wa makaa wa Tyrone Namba Mbili. Kazi ya msimamizi wa zamu ni kutangulia na taa ya kupimia gesi kabla wenzake hawajaingia. Alby alitangulia kila siku kwa miaka saba. Nalisema hili mapema, na mtaona kwa nini.

Sasa nafika pale ambapo karatasi mliyopewa imeruka.

Mkaguzi wa serikali alikuwa Bw. Lindsay Prowse. Sheria ilisema mkaguzi afike mgodini bila taarifa, ashuke, atembee, aone kwa macho yake, ndipo aandike. Lakini mkaguzi naye ni binadamu, lazima alale mahali, na hapa bondeni pa kulala ni hotelini tu. Bw. Prowse alikuwa akipiga simu hotelini kuweka chumba namba nne. Akishakata, Ngaire alikuwa akiinua simu ileile na kupiga chumba cha taa mgodini, ambako mzee Cyril Mewburn, mtunza taa, ndiye aliyekuwa akipokea.

"Cyril, namba nne ina mgeni Jumanne."

"Nimekusikia, mama. Ubarikiwe."

Basi. Mgodi unafagiwa, mbao mbovu zinabadilishwa, ndoo za mchanga zinajazwa. Msije mkanitolea macho leo kana kwamba hamjui. Sisi ndio tuliomtuma. Mgodi ukifungwa wiki moja, watu walikuwa wanakula viazi vitupu, na aliyepiga simu ile alikuwa akihesabiwa mtu mwema. Shangazi yake aliipiga kabla yake. Mimi mwenyewe niliipiga mara mbili Ngaire alipokuwa amejifungua. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa tukikifulia na kukipigia pasi.

Mwanzoni mwa mwaka 1971 hewa ya Namba Mbili ilikuwa imepungua nguvu, na hewa isipopita, gesi hujaa. Alby aliandika kwenye kitabu cha zamu, mara tatu, kwamba njia ya kutolea hewa huenda imeanguka mahali, ichunguzwe. Meneja akamjibu kwamba mkaguzi anakuja, tusubiri neno la mkaguzi. Ijumaa ya tarehe 5 Machi, Bw. Prowse alipoweka chumba, Ngaire alisita na simu mkononi. Akamuuliza mumewe, "Nisiwapigie safari hii?"

Alby alikuwa anakula. "We wapigie tu. Wakifagia, wafagie. Ule upepo hawawezi kuuficha. Jamaa akishuka atausikia usoni mwenyewe."

Akapiga.

Jumanne tarehe 9 Machi, Bw. Prowse alichukua kwa Ngaire ovaroli yake iliyofuliwa, imefungwa kwa uzi wake wa bluu, akaitia mkobani, akaenda mgodini. Jioni akarudi, akala, akausifu mkate, akauacha mkoba mlangoni pa chumba cha kufulia kama kawaida. Asubuhi aliondoka na basi la kwanza. Ngaire akafungua mkoba. Ovaroli ilikuwa imekunjwa vilevile, ina mstari wake wa pasi, na fundo lake la bluu liko pale pale alipoliacha. Akacheka. Akaniambia mimi, nikiwa namenya viazi, "Ona, wifi, leo Bwana Prowse kanipunguzia kazi." Nami nikacheka. Tukairudisha kabatini, tukaendelea na viazi. Kicheko kile nimekisikia miaka thelathini na mitatu.

Ijumaa tarehe 19 Machi 1971, saa nne na dakika arobaini asubuhi, gesi ililipuka katika Tyrone Namba Mbili. Walikufa wanne: Alban Scanlon, kaka yangu, miaka thelathini na sita, Jock Ferrier, Ted Wylde, na Hoani Tauwhare, aliyekuwa na wiki mbili tu kazini.

Tume ya uchunguzi iliketi Greymouth mwezi Juni. Mezani kulikuwa na cheti cha Bw. Prowse, kimeandikwa tarehe 9 Machi, kinasema alitembea njia yote ya kutolea hewa na kuikuta wazi. Kama njia ilikuwa wazi, kosa lilikuwa la nani? La mpima gesi. La marehemu asiyeweza kujibu. Ngaire alisimama na lile furushi la ovaroli mikononi, akaeleza habari za uzi. Wakili wa serikali akamkatiza.

"Bibi, wewe ni mhandisi wa migodi au mfuaji?"

"Mfuaji."

"Basi turudi kwenye mambo ya migodi. Swali moja tu. Kuna mtu yeyote aliyejua kabla kwamba mkaguzi anakuja siku hiyo?"

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Niliyaona mabega yake. Ukumbi mzima ulikuwa umejaa watu wa Tyrone Flat, wote tunaijua simu ile, wote tunatazama viatu.

"Hapana," akasema.

Ripoti ilitoka Septemba. Ilisema: "Msimamizi wa zamu, Bw. A. Scanlon, alizembea wajibu wake wa kupima gesi." Mstari mmoja tu. Kwa mstari ule, Desmond na Noeleen waliitwa shuleni watoto wa muuaji. Kwa mstari ule, mama yake Hoani Tauwhare alivuka barabara akituona. Na mkaguzi alipandishwa cheo.

Ngaire alitaka jambo moja tu, na alilitaka mpaka alipolipata: serikali iandike, kwa mkono wake, kwamba mkaguzi wao hakushuka, na kwamba Alby Scanlon hakuzembea. Hakutaka kitu kingine. Walimpa maua, akayarudisha.

Alianza kuandika barua. Kwa mwandiko ule wa nguzo za uzio aliwaandikia barua mia mbili na kumi na mbili, kwa idara, kwa mawaziri, kwa kila mtu mwenye mhuri. Majibu yalikuwa ni neno moja kwa namna nyingi: barua yako imepokelewa, inashughulikiwa. Inashughulikiwa! Aliyabandika yote ukutani, kwenye ujia wa kwenda chooni pale hotelini, ili kila mlevi asome akiwa njiani. Waziri mmoja alipopita kuomba kura akaomba pia aonyeshwe choo, Ngaire alimsindikiza mwenyewe, akamwambia, "Pita taratibu, mheshimiwa, sahihi yako ni ya kumi na nne kulia."

Lakini barua hazikufua dafu, naye alijua kwa nini. Ndani ya ukweli wake mlikuwa na uongo mmoja. Mficha uchi hazai. Tarehe 19 Machi 1974, kwenye kumbukumbu ya mwaka wa tatu, ukumbi wa wachimbaji umejaa, chai imekwisha kumiminwa, Ngaire alisimama bila kuitwa.

"Nilidanganya mbele ya tume," akasema. "Mgodi ulijua. Niliwapigia simu mimi."

"Kaa chini, Ngaire!" Mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Sikai. Nimekaa miaka mitatu. Prowse angewakuta hawana habari, angeshuka. Tuliwapa siku nne za kumwandalia keki na karatasi ya kutia sahihi. Niliwapa mimi, nanyi ndio mlionituma."

"Unatuuza kwa nani, mwanamke?"

"Kwa yeyote atakayeandika."

Nani alimkingia kifua? Hakuna. Mimi mwenyewe nilimwambia neno ambalo sitalirudia kanisani. Nilimwambia amemuua kaka yangu mara ya pili. Hoteli ilisusiwa. Wanaume waliendesha maili tisa kwenda kunywa bia ya moto kwingine kuliko kuketi kwake. Gazeti la mjini liliandika kwamba mjane amekiri. Serikali nayo ikafurahi, ikasema: mnaona, hata hilo la uzi pengine ni uongo.

Miaka miwili sikumsemesha. Tulikutana dukani, tukapishana kama magari. Mwaka 1976, mvua ya siku tisa, nilikwenda hotelini nikamkuta peke yake jikoni na vyumba vinane vitupu. Lile furushi lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kitambaa cha kukingia vumbi.

"Wifi," akaniambia bila kugeuka, "umekuja kunisuta au umekuja kunywa chai?"

"Vyote viwili."

"Basi kaa. Anza na kusuta, maji bado."

Nilikaa. Sikuweza kusuta. Nililia mpaka birika likachemka, naye akanikaangia vidagaa vya mtoni kwa mayai, akaniwekea siki, akasema, "Kula. Ukila ndipo utajua la kusema." Nilichosema ni kwamba na mimi niliwahi kuipiga simu ile. Akasema anajua. Miaka yote alijua, na hakunitaja. Huyo ndiye wifi yangu.

Mwezi Julai 1981 mzee Cyril Mewburn alikuja hotelini, mara ya kwanza tangu kususia. Alikuwa na miaka sabini na minne, ameloa chapachapa, na chini ya koti alikuwa na daftari limefungwa kwenye turubai. Namba Mbili ilipofungwa mwaka 1978, migodi mingine ya bonde ikiendelea, waliambiwa wachome karatasi zote. Hilo hakulichoma. Lilikuwa daftari la taa. Hakuna anayeshuka mgodini gizani. Kila anayeshuka hupewa taa na hutia sahihi, awe mchimbaji au awe nani.

"Umelificha miaka kumi, Cyril?" Ngaire akamuuliza.

"Nimelificha. Tume haikuliuliza, nami nilikuwa na pensheni ya kuogopea." "Halafu ukasimama pale ukumbini ukasema uliipiga. Nimehangaika miaka saba, mama. Kama wewe ulisema uliipiga, mimi nashindwaje kusema niliipokea?"

Ukurasa wa tarehe 9 Machi 1971 ulikuwa na sahihi arobaini na moja. Ya Prowse haikuwepo.

Iliwachukua miaka miwili zaidi kuiburuta serikali kwenye tume ya pili. Iliketi Oktoba 1983, na safari hii mfuaji alisikilizwa. Mwenyekiti alilitazama lile fundo kwa miwani, akauliza kama kuna mtu mwingine anayeweza kulifunga. Ngaire akatoa kipande cha uzi, akampa wakili wa serikali ajaribu. Alijaribu kwa dakika kumi mbele ya watu. Ukumbi uliangua kicheko, na ndipo nilipojua tumeshinda.

Bw. Prowse aliletwa, mzee wa miaka sabini na mmoja, na fimbo. Hakukataa. Alisema, "Nilikuwa na migodi kumi na tisa na magoti mawili mabovu. Nilipofika, karatasi ilikuwa tayari, chai tayari. Nikatia sahihi." Mwenyekiti akamuuliza Ngaire kama ana swali. Akasimama.

"Kwa nini hukuandika: 'Magoti yanauma, sikushuka'? Maneno matatu tu, Bwana Prowse. Wangeleta mwenye magoti."

Yule mzee aliketi, akiegemea fimbo yake. Idara nayo, iliyompa migodi kumi na tisa peke yake, haikueleza kwa nini ilimpa. Tarehe 14 Novemba 1983 barua ilikuja, yenye mhuri. Ilisema mkaguzi hakuingia mgodini. Ilisema lawama zote juu ya marehemu Alban Scanlon zimefutwa. Ngaire aliisoma mara moja, akavaa koti, akaipeleka kwanza kwa mama yake Hoani Tauwhare, akaketi naye mpaka jioni. Kisha akaibandika ukutani kwenye ujia wa chooni, ya mwisho kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyeshtakiwa. Aliyetoa amri ya kuchoma karatasi hakujulikana. Nalitaja tu, msije mkadhani tumesahau.

Kuanzia hapo wakaguzi waliruhusiwa kulala Hoteli ya Tyrone kwa masharti yake. Simu haipigwi tena, na nguo zinakaguliwa na marehemu. Ovaroli ikirudi safi, sahani nayo inakuwa safi. Mwaka 1986 kijana mmoja kutoka makao makuu, nywele zimepakwa mafuta, aliketi mezani na kusugua mikono.

"Mama, leo kuna nini mezani?"

"Sahani."

"Na ndani ya sahani?"

"Kilichomo kwenye ovaroli yako, mwanangu. Nimeipekua, sijaona kitu."

Alirudi mgodini siku ya pili, akashuka, akapanda juu mweusi kama chungu. Alipewa nyama ya kondoo vipande vitatu. Kijana huyo leo ana mvi, ndiye Mkaguzi Mkuu, na yuko benchi la tatu. Usijifiche, tunakuona.

Mwaka jana idara ilipata wazo jipya: wakaguzi wasisafiri sana, kampuni zijaze fomu zenyewe na kuzituma kwa posta. Marehemu alikuwa na miaka sitini na mitano na moyo uliokwisha kuanza kusumbua. Alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda Wellington, akaweka sahani tupu ya hoteli juu ya meza ya Mkaguzi Mkuu, akaondoka. Wazo lile limewekwa kando. Halijatupwa, limewekwa kando. Nasema kwa sauti ili benchi la tatu lisikie.

Daktari alimweleza mwezi Aprili mwaka huu kwamba moyo umechoka na hakuna la kufanya. Akamwambia, "Moyo wangu haujachoka, daktari, umekasirika." Alilazwa Greymouth tarehe 30 Julai. Noeleen na mimi tulilala naye kwa zamu. Hakuwa na maumivu mengi, ila alikuwa na wasiwasi, akiuliza kila siku, "Nani yuko bondeni wiki hii? Ameshuka?"

Jumatano tarehe 18 Agosti 2004, saa kumi jioni, alifika mkaguzi wetu wa sasa, Ruth Paewai. Mnamjua. Alitoka mgodini moja kwa moja, hakuoga, hakubadilisha, akaja na ovaroli yake mpaka wodini. Wauguzi walimzuia mlangoni. Nikawaambia, mwacheni, huyo ndiye dawa. Ngaire alikuwa amefumba macho. Ruth akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea mkono wa ovaroli kiganjani. Wifi yangu akausugua kwa kidole gumba, polepole, kama alivyosugua kola za Reefton. Akafumbua macho, akakitazama kidole.

"Umeshuka."

"Nimeshuka, Mama Ngaire. Mpaka mwisho wa njia ya hewa."

"Magoti?"

"Yanauma kweli."

Akacheka kidogo. Akanigeukia mimi. "Detta, unamtazama nini mtoto wa watu? Mpe chakula."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Nilipotoka kutafuta sandwichi, alikuwa hai. Niliporudi, Ruth alikuwa bado amemshika mkono, na kidole kile cheusi hatukukiosha. Kimo humu sandukuni kama kilivyo.

Marehemu ameacha watoto wawili, Desmond wa Westport na Noeleen wa hotelini, wakwe wawili, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Alban mdogo, na dada yake mwenyewe, Bi. Eileen wa Reefton. Na wifi mmoja, ambaye hajui atamsuta nani sasa. Ametanguliwa na mumewe, aliyelala pale juu kilimani kwa jina safi.

Ameacha na hili. Desmond, nipe. Ovaroli ya mkaguzi, saizi ya mtu mrefu, imepigwa pasi Machi 1971. Fundo halijafunguliwa. Alikataa kuzikwa nalo. Aliagiza likakae juu ya meza ya Mkaguzi Mkuu, yeyote atakayekuwa, mahali ambapo mkono wake unatia sahihi. Njoo, mwanangu wa benchi la tatu. Njoo mbele, watu wakuone. Pokea kwa mikono miwili. Usilifungue. Siku utakapotaka kuandika kwamba mmeona na hamjashuka, litazame kwanza.

Yeye amefanya kazi yake, apumzike kwa amani. Ninyi msipumzike.